Namna ya kuomba ufadhili wa masomo unaotolewa na jamii ya ranchi na rodeo jimboni Texas

Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili mijini Houston, Fort Worth na Amarillo hudhani kwamba fedha za masomo zinazotolewa na wafugaji na makauboi ni za watoto waliozaliwa ranchini. Sivyo. Maonyesho ya Mifugo na Rodeo (mashindano ya michezo ya makauboi) ya Houston, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1932, hutoa ufadhili wa dola 20,000 kwa miaka minne katika vyuo vya Texas, na mafungu yake ni kadhaa: yapo ya wanachama wa 4-H, mpango wa vijana wa kujifunza ufugaji na stadi nyingine, yapo ya wanachama wa FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo, yapo ya wanafunzi wa jijini wenye uhitaji, hata wasiowahi kufuga kuku, na yapo ya wachoraji wa shule wanaochora maisha ya Magharibi mwa Marekani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchagua fungu, na kabla ya yote kusoma sharti la uraia au ukaazi, kwa kuwa hilo hutofautiana kati ya mfadhili na mfadhili.

Anayelenga fungu la ufugaji ajiunge mapema, tangu mwaka wa kwanza wa sekondari ikiwezekana. FFA, iliyoanzishwa mwaka 1928, hupatikana shuleni kupitia mwalimu wa kilimo. 4-H hupatikana kupitia ofisi ya ugani ya kaunti. Kuishi ghorofani si kizuizi, kwani wilaya nyingi za shule za Texas zina mabanda ambamo mwanafunzi huweka mbuzi, nguruwe au ndama wake, na FFA hukubali pia kazi ya ajira au utafiti kuwa mradi wa mwanachama.

Jambo linalobeba maombi yote ni kumbukumbu za mradi. Mwanafunzi aandike kila wiki gharama ya chakula, chanjo, uzito wa mnyama, saa alizofanya kazi na fedha alizouzia, na atunze risiti. Tazama mashindano ya kukamata ndama pale Houston: kijana anayefaulu hupewa hati ya kununulia mnyama wa kufuga, kisha hutakiwa kumwandikia mfadhili wake taarifa kila mwezi. Jamii hii huthamini uwajibikaji unaoonekana kwenye karatasi, na maombi yasiyo na takwimu husomeka kama maneno matupu.

Insha nayo isiwe sifa za kofia na viatu vya makauboi. Ieleze uamuzi mmoja wa kweli: ukame ulipopandisha bei ya majani makavu, ulipunguza nini, ulimuuza mnyama yupi, na kwa nini. Kijana ambaye babu yake alichunga ng'ombe Kivu, Burundi au Umasaini ana hazina hapa, mradi atenganishe kwa uaminifu aliyoyafanya mwenyewe na aliyosimuliwa. Ningependa sana kuona insha za namna hiyo zikiwafikia wafugaji wa Texas, kwa kuwa wanaijua kazi hiyo na wataitambua.

Wapo wafadhili wengine. Wakfu wa American Quarter Horse, jina la aina ya farasi wa Marekani, huwataka waombaji wawe wanachama wa chama chao cha farasi. Kwa mpanda farasi wa mashindano, vyuo vyenye timu za rodeo hutoa msaada kupitia kocha, ambaye ndiye wa kuandikiwa kwanza, ukiambatanisha video na alama za darasani.

Barua za mapendekezo ziombwe angalau mwezi mmoja kabla, fomu ya FAFSA, yaani ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, ijazwe mapema kwa wanaostahili, na asilipwe mtu yeyote anayedai ada ya kukuombea ufadhili. Ukishapewa, soma kiwango cha alama na idadi ya masomo unayotakiwa kudumisha kila muhula. Unapotaka kuhama chuo au kuacha somo, iandikie ofisi ya mfadhili kabla ya kufanya hivyo, maana malipo yanaweza kusimamishwa.