Kutoka Mwanza hadi Kibo: chagua njia kwa kuhesabu usiku

Ukiulizia kupanda Kilimanjaro utatajiwa majina na bei: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe. Weka bei pembeni kwanza. Chukua karatasi, na kwa kila njia andika utalala mita ngapi juu ya usawa wa bahari kila usiku. Ukishavuka mita 3,000, usiku mmoja usizidi wa jana yake kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne mwili upate usiku wa pili pale pale, ili uzoee hewa yenye oksijeni kidogo. Ratiba nyingi za Kilimanjaro zinavunja kanuni hii mahali fulani. Unachotafuta ni kujua inavunjwa wapi, na kwa kiasi gani.

Marangu ya siku tano ndiyo inayowavuta wengi, kwa kuwa ni fupi na unalala kwenye vibanda vyenye vitanda. Sasa isome: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mita elfu moja kwa siku, mara mbili mfululizo. Kibo mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ule wa pwani, na umefika pale siku ya tatu. Ndiyo maana vijana wenye mapafu ya kuogelea na miguu ya mpira hutapika hapo, huku mama wa makamo aliyelala Horombo mara mbili akinywa chai. Siku ya ziada inayoifanya Marangu iwe ya siku sita, ambayo mchana unapanda hadi Zebra Rocks karibu na mita 4,000 kisha unarudi kulala Horombo, usikubali kuiondoa ili kupunguza bei.

Machame ya siku saba inasomeka vingine. Usiku wa kwanza ni kama 2,850, wa pili Shira, kama 3,800. Siku ya tatu unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, halafu unashuka kulala Barranco chini kidogo ya 4,000. Karanga ni karibu 4,000, na Barafu kama 4,670. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakouzoesha mwili. Wakala akikupa Machame ya siku sita, usiku wa Karanga ndio uliokatwa: unatoka Barranco hadi Barafu kwa siku moja, na saa sita usiku unaamshwa kuelekea kileleni. Kutoka Barranco kuna ukuta wa mwamba unaopandwa kwa mikono na miguu. Aliyekulia kwenye mawe ya Mwanza hautamtisha.

Lemosho inaanzia magharibi, Londorossi, na kukutana na Machame baada ya kukupa siku za ziada uwandani Shira. Ukiwa na siku nane na fedha inaruhusu, chukua hiyo. Rongai iko kaskazini, upande wa mpaka wa Kenya, ambako mvua ni chache. Kasoro yake ni ngazi ya kutoka Kikelewa, 3,600, hadi Mawenzi Tarn, zaidi ya 4,300, kwa hiyo dai usiku wa pili Mawenzi kabla ya kwenda Kibo. Umbwe inapanda kwa ukali mno. Iache.

Kama nia yako ni kufika kambi ya mwisho tu, bila kilele, Marangu ndiyo jibu. Lala Mandara usiku mmoja, Horombo usiku tatu. Katika siku ya tatu ya kulala huko, ondoka saa kumi na mbili asubuhi, fika Kibo, pumzika saa moja, urudi Horombo. Ni kilomita kama kumi kwenda na kumi kurudi. Hulali juu, na ukizidiwa njia ni pana: mgonjwa anashushwa kwa machela ya gurudumu moja. Kibo hakuna maji, yanabebwa kutoka chini, hivyo anza na lita tatu. Chupa iweke kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi.

Mwanza iko mita 1,140 hivi na wengine hudhani hiyo ni akiba. Siyo. Hata kulala Moshi siku mbili kabla hakukuzoeshi, maana Moshi iko chini kuliko Mwanza. Unachoweza kuandaa nyumbani ni miguu na damu. Kwa wiki nane, mara tatu kwa wiki, panda ngazi zinazopita kati ya mawe ya Igogo au Mabatini ukiwa na dumu la lita tano mgongoni. Shuka nalo pia. Wengi humwaga maji juu, na mapaja yao huja kulia siku ya kushuka.

Damu ndiyo inayosahaulika zaidi. Selimundu imeenea Kanda ya Ziwa, na mgonjwa wake hapaswi kwenda juu huko. Hata anayebeba kinasaba bila kuugua anaweza kuumia bandama oksijeni ikipungua. Pima, na pima wingi wa damu pia, hasa kama umewahi kuugua kichocho. Malaria nayo huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, kwa hiyo mbu wa Mwanza anaweza kukulaza Horombo. Kichwa na kichefuchefu huenda ni mwinuko, lakini homa kali usiipe jina hilo. Shuka ukapime. Acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, ni ya kuzungumza na daktari, na mwambie kama Septrini au SP, dawa zenye salfa, imewahi kukudhuru.

Mfukoni weka viazi vitamu vilivyokaushwa: matobolwa, siyo michembe. Matobolwa yamechemshwa kabla ya kukaushwa, unatafuna ukiwa njiani. Michembe inataka sufuria.

Kabla ya kulipa, muulize wakala: mmoja wetu akipepesuka usiku, akashindwa kutembea kwenye mstari kisigino kwa kidole, nani anashuka naye saa hiyo hiyo? Watu wanne wenye mwongozaji mmoja maana yake wote wageuke, au mgonjwa aachwe na mpagazi. Asipokutajia idadi ya waongozaji, tafuta wakala mwingine.