Hotuba kaandika ChatGPT, ila maiki umeshika wewe

Majuzi nilikuwa kwenye sendofu moja, kaka wa bibi harusi akaitwa atoe neno la familia, akachomoa simu akaanza kusoma. Kiswahili kimenyooka balaa, ndoa sijui ni safari yenye milima na mabonde, mara skrini ikazima, akabonyeza ikadai namba ya siri, akakosea mara mbili, ukumbi mzima kicheko. Na huyo jamaa kijiweni ukimkuta humnyamazishi!

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 barua safi na sivii safi kila mtu anazo, kwahiyo anayetaka kujua kama kitu unakijua kweli anasubiri ufungue mdomo. Usaili wa mdomo, kutetea tasnifu chuoni, kumuuzia mteja, huko kote hakuna wa kukusemea.

Sasa unafanyaje. AI itumie, ila usiiombe hotuba. Ielezee unachotaka kusema halafu iambie ijifanye jopo la usaili, ikuulize maswali kumi magumu, moja moja, wewe ujibu kwa mdomo huku umesimama (kukaa kitandani hakuhesabiki) na simu inarekodi. Swali likikushinda usiombe jibu ukariri, rudi ukasome hicho kitu, maana jopo likigeuza swali kidogo tu jibu la kukariri linakufia mdomoni. Kisha sikiliza ile rekodi. Najua inauma, mi mara ya kwanza nilizima baada ya nusu dakika, ila hapo ndo utajua unasema "kiukweli" mara ngapi.

Siku yenyewe beba mambo matatu tu kwenye kakadi kagumu. Sio karatasi kubwa, mkono ukitetemeka karatasi inakutangaza mpaka meza ya nyuma. Kwanini matatu? Nyerere mwaka 1978 akitangaza vita na Idi Amin alisema uwezo, sababu na nia, na leo watu waliozaliwa miaka ishirini baadaye bado wanayataja yote matatu. Sentensi ya kwanza na ya mwisho kariri kabisa, katikati ongea kama unavyomsimulia mtu. Martin Luther King, yule mtetezi wa haki za weusi Marekani, pale Washington 1963 alikuwa na hotuba iliyoandikwa vizuri tu, lakini ile sehemu ya "nina ndoto" inayokumbukwa mpaka kesho aliisema baada ya kuiacha karatasi. Ila alikuwa ameshaisema sehemu nyingine kabla, kwahiyo usije ukadhani ilidondoka tu kutoka juu.

Salamu fupi. Sema itifaki imezingatiwa uendelee, usitusomee majina ya kamati nzima wakati chakula kinapoa. Na soda usinywe kabla ya kuongea, gesi itakuumbua.

Pa kufanyia mazoezi ni pengi kuliko unavyodhani, kikao cha harusi, jumuiya, vikoba, popote wanapouliza "nani atafungua kikao" na watu wote wanaangalia chini, nyoosha mkono. Toastmasters, chama cha watu wanaofanya mazoezi ya kuongea mbele za watu, walioanza Marekani 1924 na siku hizi wana klabu Dar na Nairobi, wana mchezo mmoja naupenda sana, unapewa mada papo hapo unaongea dakika moja mpaka mbili, na kuna mtu kazi yake ni kuhesabu "aaa" na "eee" zako tu. Huo hata nyumbani unafanyika. Chaneni vikaratasi, andikeni mada za hovyohovyo, bei ya nyanya, kwanini daladala haijai, kila mtu achomoe kimoja, mtoto ahesabu "eee". Ukikwama kwenye sekunde ya arobaini usicheke wala usikae, nyamaza, vuta pumzi, endelea mpaka dakika iishe.