Kumchora mbega wa Meru kwa rangi ya mafuta

Tembo na twiga wamejaa kwenye maduka ya picha mjini Arusha. Wewe anza na mbega. Yuko hapa jirani, msitu wa Ngurdoto ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na rangi zake ni mbili tu. Usidhani ndiyo rahisi.

Kamtazame kwanza. Asubuhi hukaa juu ya miti akiota jua. Manyoya marefu meupe huanzia mabegani, yakashuka ubavuni mpaka nyuma ya kiuno. Uso mweusi umezungukwa na weupe, na mkia una manyoya meupe tele. Angalia mikono: hana kidole gumba. Chora vidole vinne. Mbingu ipake waridi, mti upake bluu, hakuna atakayekuuliza. Lakini ukiweka gumba, madereva wa watalii watakucheka, na hao wanawajua wanyama kuliko sisi wachoraji. Mtoto mchanga ni mweupe mwili mzima, kwa hiyo mpakate kifuani mwa mama yake.

Vuta amerikani kwenye fremu mpaka ikazike kama ngoma, upake rangi nyeupe ya maji mara mbili, kisha piga msasa laini. Baada ya hapo ni rangi ya mafuta, ile ile ya milango. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli juu ya silingibodi, basi usione haya kununua kopo dogo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyuma weka njano juu na chungwa chini, uzichanganye zinapokutana kwa sponji zikiwa bado mbichi. Kijani siipendi hapo, inameza majani yote. Acha ikauke mpaka kesho. Baridi ya Julai ya Arusha inaweza kukudai zaidi.

Chora umbo kwa chaki, ulijaze lote jeusi. Kisha subiri. Nyeupe juu ya nyeusi mbichi inatoa kijivu, na kijivu hicho hakifutiki. Gusa pembeni kwa kidole. Kama hainati, chukua brashi nyembamba kabisa, lainisha nyeupe kwa tapentaini kidogo, vuta unywele kutoka juu kwenda chini huku ukinyanyua mkono mwishoni ili uchongoke. Usiyajaze manyoya, acha weusi uchungulie katikati. Majani fuata unavyopenda. Jicho ni la mwisho: kahawia, halafu kitone cheupe.

Mteja wa kupanda ndege atataka uitoe kwenye fremu. Iache wiki nzima kwanza, halafu iviringishe upande wa rangi ukiwa nje. Ukiuweka ndani, rangi hujikunja na kupata nyufa siku itakapokunjuliwa.