SOMO: Namna ya kuandaa kazi yako kwa tuzo za usanifu na interia (someni kabla hamjanifuata inboksi)

Habari za humu wadau. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tano, "dada nimepata imeili kazi yangu imechaguliwa tuzo ya kimataifa, nilipie?" na wengine "dada nianzie wapi". Nimechoka kuandika yaleyale kwa simu usiku huku mtoto analia, kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki hii. Mimi nafanya interia na ukarabati wa nyumba za zamani, Unguja na Dar. Nimepeleka kazi mara nne, mbili zikavuka mchujo wa kwanza, sijawahi kubeba kombe, moja ilikufa kifo cha kijinga nitawaeleza hapo chini.

1. Jua unaenda tuzo gani. Sio zote zinafanana. Pritzker, tuzo kubwa ya wabunifu majengo iliyoanza 1979, hujazi fomu ukaingia kama mnada, watu wanapendekezwa halafu anaangaliwa mtu na kazi zake za miaka yote, sio kibanda kimoja. Zawadi dola 100,000 na medali. Mbunifu Francis Kéré wa Burkina Faso aliipata 2022, Mwafrika wa kwanza.

Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu ndo naipenda mimi. Ilianzishwa 1977, inatolewa kila baada ya miaka mitatu, fungu lake ni dola milioni moja wanagawana washindi, na hawaangalii mbunifu peke yake, fundi anatambuliwa, mwenye jengo anatambuliwa, hata manispaa. Jengo liwe limeshatumika mwaka mzima angalau, na likivuka mchujo wanamtuma mtaalamu mpaka saiti akalikague kwa macho yake. Renda yako nzuri (picha ya jengo iliyotengenezwa kwa kompyuta) haikusaidii kitu mbele ya mtu anayegonga ukuta kwa kidole. Huyohuyo Kéré shule yake ya Gando ilishinda hapa 2004, aliijenga akiwa bado mwanafunzi Berlin, tofali za udongo na nguvu za wanakijiji, bati limeinuliwa juu ya dari ili joto lipite katikati. Hakuna marumaru pale.

Halafu kuna zile za kulipia kiingilio kama World Architecture Festival, inayoenda tangu 2008, na ndugu yake INSIDE ya watu wa interia. Hizi ni halali kabisa, ukivuka mchujo unasimama mbele ya majaji unaitetea kazi yako mwenyewe. Ila kiingilio sio hela ya chai, na nauli juu yako.

2. Soma vigezo. Mara mbili.

3. Chagua kazi moja. Sio zote tano.

4. Ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi. Neno la mdomo halitoshi, siku picha zikitoka gazetini anakuruka.

5. PICHA. Hapa tukae kidogo maana ndipo nilipozikwa. Nilikarabati nyumba ya wageni Mji Mkongwe, nimekaa na mafundi miezi tisa, plasta ya chokaa tumepaka kwa mkono, zidaka (vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu) tumezifufua, boriti za mikoko tumebadilisha zilizooza tu. Siku ya kukabidhi nikapiga picha za simu nikasema za maana nitakuja kupiga baadaye. Baadaye ikawa miezi saba. Nafika na mpiga picha, nakuta mwenye nyumba kapaka rangi ya mafuta ya krimu ukuta mzima wa ukumbini kutoka chini mpaka kiunoni, eti wageni wanachafua na mabegi. Kwenye kidaka kikubwa, kile nilichokichora mimi usiku na mchana, kuna ruta ya intaneti na maua ya plastiki. Sofa bado zina nailoni. Mpiga picha naye kaja saa sita na nusu mchana kwa sababu boti ilichelewa, uani jua limesimama wima, nusu nyeupe kama karatasi nusu nyeusi tii. Tukapiga hivyohivyo maana dedilaini ilikuwa siku tatu. Jaji mmoja akaandika kwenye maoni kwamba matumizi ya rangi ya mafuta juu ya chokaa yanaonyesha mbunifu haelewi nyumba ya zamani. Nililia jamani, sio utani.

Kwa hiyo:
– Piga picha wiki mbili tatu baada ya watu kuhamia, sio siku ya makabidhiano (nyumba inakuwa kama mochwari) na sio baada ya mwaka.
– Asubuhi saa moja mpaka saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi. Ua wa ndani usiupige mchana, nakuomba.
– Watu wawepo. Mama anakunja shuka, mtu kakaa barazani. Jengo bila mtu halijulikani hata ukubwa wake.
– Mlipe mpiga picha, na mkubaliane kwa maandishi picha zitatumika wapi. Wengine wamezuiwa kutumia picha za nyumba waliyoijenga wenyewe.

6. Michoro. Plani (nyumba ikionekana kutoka juu), sekshoni (nyumba kama imekatwa katikati), basi. Kama tuzo inataka usijulikane, futa jina la ofisi kwenye kona ya mchoro NA kwenye jina la faili.

7. Maelezo. Usiandike "nafasi ya kisasa yenye mvuto". Andika kwa nini vyumba ni vyembamba: kwa sababu boriti ya mkoko haibebi upana mkubwa, mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, ndo maana nyumba zetu za zamani zina vyumba virefu vyembamba. Jaji anataka kujua ulikutana na nini ukafanyaje.

8. Tuma siku mbili kabla. Umeme tunaujua.

Na ile imeili ya "hongera umeshinda, lipia kombe na meza ya chakula": kama hukuomba, na kila aliyelipa kashinda, hilo ni duka la makombe. Lipia ukitaka pambo la ofisini.

——— MASWALI ———

kijana_wa_saiti: Mkuu nimepata imeili nimeshinda tuzo Dubai, wanataka nilipie kombe, ni kweli?

Mwandishi: Mimi sio mkuu, ni dada. Na rudi juu, aya ya mwisho.

kijana_wa_saiti: Nimesoma dada ila wangu wanaonekana siriasi, wana tovuti nzuri

Mwandishi: Uliomba? Hukuomba. Kazi yako wameionea wapi? Haya.

Neema_interia: Dada mimi nina diploma ya interia, fomu ina sehemu ya "architect", nikijaza jina langu kuna shida? Ramani nilichora mwenyewe.

Mwandishi: Usijaze. Bongo kujiita mbunifu majengo lazima uwe umesajiliwa na AQRB, bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Jaza kwenye interia, ni kazi kamili usiione ndogo. Kama kuna mbunifu alisaini ramani, jina lake liwekwe. Kuficha jina la mwenzio ndo kunawatoa watu mashindanoni.

Bwana Renda: Mi naona unatisha watu bure, nina renda kali kuliko hizo picha zako, jaji hawezi kujua

Mwandishi: Tuma basi. Kuna vipengele vya majengo ambayo hayajajengwa, renda ni za huko. Ukizipeleka kwenye jengo lililokamilika umedanganya, na sina la kuongeza.

mwanafunzi_mwaka_wa_3: Samahani dada, hiyo rangi ya mafuta kwenye chokaa, ubaya wake hasa ni nini? Kwetu Tanga nyumba ya bibi imepakwa hivyo na inabanduka kila mwaka, wanasema fundi mbaya.

Mwandishi: Swali zuri mdogo wangu, na fundi wamuache. Ukuta wa mawe na chokaa unanyonya maji kutoka chini, yanapanda na chumvi yake, halafu unayapumua nje polepole. Rangi ya mafuta inaziba pumzi. Maji yanakwama nyuma yake, chumvi inasukuma, rangi inavimba kama lengelenge mpaka inaanguka na plasta. Plasta ya simenti nayo hivyohivyo. Mwambie bibi waikwangue yote, waache ukuta ukauke msimu mmoja wa kaskazi, kisha wapake chokaa nyepesi kwa brashi, koti nyingi nyembamba. Ikichafuka unapaka tena, bei rahisi.

fundi_chokaa_Lamu: Naongezea dada, chokaa izimwe mapema ikae shimoni na maji yake wiki nyingi. Ya haraka haraka huchipuka ukutani baadaye.

Mwandishi: Ahsante sana fundi. Wote mnaofanya nyumba za zamani mwandikieni huyu.

Neema_interia: Na ruta je? Mwenye nyumba alikubali kuitoa kidakani?

Mwandishi: Aliitoa, kaiweka juu ya kabati la mapokezi. Sasa wageni wa chumba cha nyuma wananipigia mimi simu kwamba intaneti haifiki, maana kuta zile za mawe ni nene karibu nusu mita. Nimemwambia avute waya, apitishe juu ya boriti, asitoboe ukuta.