Somo: Kufufua Datsun 240Z nyumbani hapa Unguja, anza na kutu, injini itasubiri

Assalaam alaykum wanachama. Wengi mnaniuliza vipi nilivyoifufua ile Datsun mpaka ikatoka nje inatembea yenyewe, leo ntaandika kwa mpigo mmoja, mwenye haraka aruke mbele.

Gari yenyewe ni 240Z ya 1972, injini L24, silinda sita zimejipanga mstari, cc 2393, kabureta mbili. Wazee waliokuwa wakifatilia Safari Rally wanaijua vizuri, ndo iliyochukua kombe 1971 na Edgar Herrmann, 1973 ikachukua tena na Shekhar Mehta, kwa hivyo ni gari iliyokula tope na mashimo ya Afrika Mashariki, si pambo. Yangu niliikuta Bububu chini ya banda la makuti, kuku wanatagia kwenye siti ya dereva.

Sasa kosa langu mlijue mapema. Kila mtu akipata gari kama hii hamu yake ni aisikie inanguruma, na mie nikafanya hivyo hivyo, miezi miwili nzima niko na injini tu, pesa inatoka. Siku moja nikatia jeki ubavuni nitoe tairi, napampu, jeki inapanda gari haipandi. Nikainama kuchungulia, kumbe jeki imeshapasua sakafu iko ndani inagusa siti. Huku kwetu upepo wa bahari hauchagui, unayakuta mabati popote yalipo, na ukiwa na injini nzuri ndani ya bodi iliyooza hapo huna gari, una injini nzuri tu.

Hatua ya 1, fungua. Toa siti, mazulia, dashibodi, vioo, milango, kila kitu, lakini usitoe nati moja kabla hujapiga picha kwa simu. Bolti za kila pahala tia kwenye kopo lake uandike kwa kalamu ya rangi ("bawaba mlango kulia", "bampa nyuma"), maana baada ya miezi sita utakuwa na bolti mia mbili na hakuna hata moja unayoikumbuka. Bolti zilizoganda kwa kutu ziloweke kwenye siki usiku kucha, asubuhi zipige brashi ya waya kisha oili.

Hatua ya 2 ndo somo lenyewe. Chukua bisibisi na nyundo ndogo upite chini ya gari unagonga taratibu, bati zima linalia, lililooza linatoa sauti kama unagonga boksi la karatasi. Z zinaozea pahala pamoja dunia nzima: chini ya betri, sakafu zote mbili, zile reli za chesisi zinazopita chini ya sakafu, nyuma ya milango mbele ya tairi za nyuma, shimo la spea tairi, na chini ya kioo cha mbele ambako maji yanajikusanya na huyaoni. Yangu chini ya betri nilisukuma kwa kidole tu kikapita, kutu likamwagika sakafuni jekundu kama pilipili ya kusaga.

Kabla hujakata sakafu chomelea bomba la chuma lipite kwenye uwazi wa mlango kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kila upande. Gari hii haina chesisi ya peke yake, bodi ndo chesisi, ukikata hovyo inajikunja na milango haifungi tena maisha. Kata upande mmoja, maliza, ndo uende wa pili. Bati la mm 1 linatosha, na fundi asivute mstari mrefu wa weldingi, apige nukta, aache ipoe, apige nyengine mbali kidogo, si hivyo bati linapinda kama ganda la muhogo. Fundi akikwambia "hapa tutie puti tu" mpe chai umuage. Puti ni ya kulainisha, haizibi shimo.

Halafu jamani, mchanga wa pwani musiutumie kupuliza kutu, hata kama bure na upo mlangoni! Una chumvi, unaitoa kutu leo unaipanda ya kesho. Na maji ya kuoshea yawe matamu, visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, mie nilikinga ya mvua kwenye pipa. Osha, kausha, paka dawa ya kutu ile ya asidi ya fosfori, isafishe kama kopo lake lilivyoandika, kisha praima (rangi ya kwanza) ya epoksi siku hiyo hiyo kabla ya umande wa usiku. Ndani ya reli pulizia nta ya kuzuia kutu mpaka idondoke upande wa pili.

Rangi usipige masika. Unyevu ukiwa mwingi rangi inatoka na ukungu mweupe na polishi mara nyingi haiuondoi. Mie nilipiga asubuhi umande ulipokauka, upepo haujaanza kuleta vumbi.

Hatua ya 3, injini. L24 ni ngumu haifi ovyo, lakini ina mtego mmoja uliwaliza wengi na mie nimo. Ukitaka kutoa silinda hedi (kile kichwa cha juu cha injini) lazima utoe giya ya kamshafti juu, ile shafti inayofungua vali, sasa kabla hujaitoa chonga kabari ya mbao uipachike katikati ya cheni kule chini iibane kwa nguvu. Usipofanya hivyo cheni inalegea, tenshona (kikazio cha cheni) inaruka nje, na kuirudisha mpaka ufungue kava lote la mbele. Mie niliisikia tu "tk!" nikajua jumapili yangu imekwisha. Vali ukizisawazisha injini ikiwa baridi nafasi ni mm 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutolea, mwendo wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-5-3-6-2-4. Kabureta juu zina vifuniko vya kufungua kwa mkono, ndani munatiwa oili nyepesi, watu wanasahau halafu wanalalamika gari inakohoa ukikanyaga.

Hatua ya 4, waya. Umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani, baada ya miaka 50 swichi inaungua. Tia rilei mbili (swichi ndogo zinazobeba umeme mkubwa badala ya ile ya usukani) karibu na taa, kazi ya saa moja. Tangi la petroli likiwa na kutu lioshe au tafuta jengine, lakini USILICHOMELEE, hata ukiona limekauka.

Hatua ya 5, madoido. Pointi za distribyuta, zile za kuwasha plagi, nimetoa nimetia mfumo wa elektroniki, rimu za inchi 15, siti kashona fundi makochi wa Mlandege, na kichwa cha gia kanichongea fundi wa milango kwa kipande cha msaji kilichobakia kazini kwake. Hicho ndo kila anayepanda anakishika kwanza.

MASUALI

Kijana wa Fuoni: Kaka, naweza kutia L28 badala ya L24?
Jibu: Unaweza mdogo wangu, ni ukoo mmoja, cc 2753. Patrol za zamani za petroli, zile 160, zilikuja nayo. Lakini sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya Patrol si sawa na ya Z, ibakishe yako. Na kabla hujaingia barabarani kabadilishe namba ya injini kwenye kadi.

Mpemba wa Wete: Yakhe, nimeona Fairlady Z Japani bei poa kidogo, ndo hiyo hiyo?
Jibu: Bodi ni hiyo hiyo na usukani uko kulia kama tutakavyo, ila nyingi za huko zina L20, lita mbili. Omba picha za chini ya betri na za sakafu kabla ya kutuma hata senti. Akikutumia picha za rangi tu, achana nae.

Mama Swabra: Mwanangu, mume wangu anayo moja uani mwaka wa nne, nimuuze yeye au gari?
Jibu: Shikamoo mama. Muulize kwanza kama keshaanza na injini.

Dereva wa Mkokotoni: Spea unapata wapi bwana, Darajani hamna.
Jibu: Gasketi, bushi na vitu vya breki nilizungukia Kariakoo ya Dar, nikaja navyo kwenye boti. Raba za milango na vioo niliagiza nje, nikangoja wiki saba. Raba ya buti bado ninangoja, kwa sasa nimeziba kwa ya daladala na mvua haiingii sana.