Biri za maduro zilale muda gani? Hatua kwa hatua, kwa hewa ya Lamu

Jibu fupi ni hili. Biri yoyote iliyosafiri ilale wiki nne, yaani ikae bila kuvutwa ndani ya kasha lenye unyevu wa kipimo. Maduro za kawaida, yaani biri zenye jani la nje jeusi, miezi mitatu hadi sita. Maduro kali, zenye majani mazito ya Nikaragua ndani, mwaka mmoja hadi miwili. Zile za tumbaku laini hazipati kitu kikubwa baada ya mwaka. Ukizidi kuzilaza zinapooza hadi zinakuwa kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili.

Hesabu hiyo ina sharti, na sharti lenyewe ni hewa yetu. Maagizo mengi ya kulaza biri yametoka nchi za baridi, ambako nyumba ni kavu na kazi kubwa ya mtu ni kutia maji. Lamu unyevu wa hewa siku nyingi unapita asilimia 75, na joto la chumbani wakati wa Kaskazi linafika nyuzi 30. Hapa kazi ni kuzuia maji yasiingie. Anayefuata maagizo ya baridi akiwa mitaa yetu ya Mkomani au Langoni, akajaza sponji maji na kufunga sanduku, anafuga koga.

(Biri tunazosema hapa ni siga nene za kusokotwa kwa jani zima. Bidi za Kihindi ni habari nyingine.)

Ujue unalaza nini

Maduro kwa Kihispania ni “iliyoiva”. Jani la nje la biri hizi limevundikwa, kama unavyovundika ndizi, ila kwa miezi: majani yanarundikwa, rundo linajipasha lenyewe joto, linapita nyuzi 50, linapinduliwa na kurundikwa tena mpaka rangi inakuwa kahawia ya kahawa au nyeusi kabisa. Si kila jani linalostahimili joto hilo. Yanayotumika sana ni manene: Broadleaf ya Connecticut, Marekani, jani la bonde la San Andrés kule Veracruz, Meksiko, na Mata Fina ya Bahia, Brazili.

Kwa hiyo jani la nje limeshaiva kabla biri haijasokotwa. Unachongojea ni majani ya ndani. Humo ndimo mnapobaki amonia, ule ukali wa puani unaofanana na choo cha mbuzi, na humo ndimo ladha mbalimbali zinapohitaji muda wa kuzoeana. Ndiyo maana weusi wa biri haukuambii ilale muda gani. Biri nyeusi tii yenye majani laini ndani inaweza kuwa tayari kwa miezi mitatu, na ya kahawia yenye majani ya juu ya mche, yale yaliyopigwa jua zaidi, ikadai miaka miwili. Kulala kunapunguza ukali wa ulimini tu. Hakupunguzi madhara ya moshi kifuani, mtu asijidanganye.

Ukishuku kwamba weusi ni wa rangi ya kupaka, chukua karatasi nyeupe ya shashi, iloweshe kidogo, uiguse biri. Alama hafifu ya kahawia ni kawaida. Karatasi ikitoka nyeusi kama ya wino, usihangaike kuilaza.

Hatua ya 1: Sahihisha kipimaunyevu

Usiamini namba ya kifaa kipya, hata kiwe cha bei. Weka chumvi laini ya mezani kwenye kizibo cha soda, itone maji tone kwa tone hadi iwe kama mchanga wa ufukoni maji yanapotoka kukupwa: imelowa, lakini maji hayaonekani juu. Kiweke kizibo pamoja na kipimaunyevu ndani ya mkebe usiopitisha hewa, ufunge saa 24. Inapaswa kusoma asilimia 75. Ikisoma 80, kifaa kinazidisha 5, na utaziondoa kila unaposoma. Usitumie chumvi ya mawe isiyosafishwa, hata kama Gongoni si mbali na Malindi: ina chumvi nyingine zinazovuta maji, na kipimo kitakudanganya.

Hatua ya 2: Igandishe kabla ya kuilaza

Hatua hii watu wengi wanairuka, na kwa pwani ndiyo isiyorukika. Mayai ya fukusi wa tumbaku yanaweza kuwa ndani ya jani tangu ghalani. Huko nchi za baridi, kwenye nyuzi 18, yanatulia. Kwenye nyuzi 30 fukusi yuko kwao. Ndani ya wiki chache buu anatoboa, na unakuta kitundu cha mviringo, kidogo kama kichwa cha pini, na unga wa kahawia chini ya mkebe. Kitundu kimoja maana yake mkebe mzima ni mtuhumiwa.

Mfano wetu ni biri 20, maana forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri wa miaka 18 na zaidi gramu 250 tu za tumbaku bila ushuru, na biri za ukubwa wa kati hazitazidi sana idadi hiyo.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, basi tumia mkebe wa chakula wenye mpira kwenye mfuniko. Panga biri ndani, nafasi iliyobaki ijaze kitambaa safi cha pamba kilicho kikavu, ili hewa iwe kidogo na isiache umande. Kisha:

– friji ya kawaida, saa 24;
– friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, saa 72;
– friji tena, saa 24;
– chumbani, mkebe ukiwa bado umefungwa, saa 12.

Ukiruka friji na kutoa biri kutoka friza moja kwa moja, jani la nje linatanuka kwa ghafla na kupasuka kwa urefu wake. Kile kisehemu cha barafu ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri. Tia kipimajoto uhakikishe, au omba nafasi kwenye friza ya duka. Samaki wakiwamo si tatizo, mradi mpira wa mfuniko ni mzima. Umeme ukikatika na kipimajoto kikapanda juu ya 15 chini ya sifuri, usifungue mkebe. Anza kuhesabu saa 72 upya umeme unaporudi.

Hatua ya 3: Kasha

Sanduku la kuchonga la Lamu ni zuri kutazamwa, lakini mbao zinapumua, na hewa inayopumuliwa hapa imejaa maji ya bahari. Tumia kasha la plastiki la lita 5 lenye mpira, lililooshwa na kuachwa wazi siku tatu hadi harufu ya plastiki iishe. Ndani weka kibao cha sanduku la zamani la biri. Ule mti wanaouita mwerezi wa Kihispania si mwerezi hasa; ni jamaa ya mkangazi, na mkangazi mkavu usiopigwa vanishi unafaa pia. Mwerezi wa milima ya Kenya, ule wa penseli, usiuguse: baada ya mwezi utakuwa unavuta penseli.

Udhibiti wa unyevu uachie pakiti za njia mbili, zinazotoa na kunyonya. Chagua za asilimia 62 au 65. Za 69 na 72 waachie walioko kwenye ukavu. Jani la maduro ni nene, lina mafuta na linashika maji. Kwa 70 litawaka upande mmoja, litazimika kila dakika tano, na majani ya ndani yakivimba kwa mvuke litapasuka karibu na kichwa, ile ncha ya kutia mdomoni. Tena juu ya 70, kwa joto letu, koga haikawii.

Kipimo cha kawaida ni pakiti moja ya gramu 60 kwa biri 25. Sisi tunatia mbili kwa biri 20, kwa sababu kila unapofungua kasha hewa ya nje inaingia na pakiti ndiyo inayoibeba. Huko baridi pakiti inakufa kwa kukauka, inakuwa ngumu kama biskuti. Hapa inakufa kwa kushiba: inavimba kama mto. Ikivimba, ibadilishe. Wakati wa Masika itazame kila wiki mbili.

Biri zenye karatasi ya selofani ziache nayo. Inapitisha unyevu polepole, na inalinda jani dhidi ya kucha zako.

Hatua ya 4: Mahali

Bora kuliko pote ni friji ndogo ya mvinyo iliyowekwa nyuzi 18, na kasha ndani yake. Friji ya jikoni hapana, ni baridi mno kwa kazi hii.

Asiye na friji ya mvinyo atumie chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya mawe. Kuta nene za matumbawe hazifuati joto la mchana, na kidaka cha chini kinabaki karibu nyuzi 27 wakati dari chini ya mabati inachemka. Ila ukuta wa chokaa unatoka jasho mvua zikianza, basi weka ubao chini ya kasha na uache nafasi ya vidole vinne nyuma yake. Kwa nyuzi 27 tumia pakiti za 62, si 65, na ufungue kukagua fukusi kila wiki.

Halafu kuna harufu. Chumba kinachofukizwa udi kila Alhamisi jioni, kabati la nguo lenye kafuri, rafu ya karafuu na iliki: tumbaku inanyonya vyote. Kasha likifungwa vizuri linazuia, lakini usilifungue humo.

Hatua ya 5: Kuonja kwa ratiba

Kati ya biri 20, tenga nne za majaribio: wiki ya 4, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Andika tarehe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ndani ya kasha. Wino wa kalamu una harufu.

Kabla ya kuwasha, nusa ncha ya kuwashia. Amonia ikikupiga puani, rudisha na usubiri miezi miwili. Kisha ibinye biri taratibu kwa dole gumba na vidole viwili, ukianzia katikati. Ikilia kama jani kavu la mkungu, imekosa maji. Ikibonyea na kurudi polepole, ni sawa. Ikibaki na alama ya kidole, imelewa maji na majaribio ya leo hayatakuambia kitu.

Ivute theluthi ya kwanza tu kwa makini. Ulimi ukichoma na koo kukauka, bado. Ukipata kakao, kahawa, utamu wa tende, na ukali umekaa nyuma badala ya mbele, umefika. Majaribio mawili yakifuatana bila tofauti, hakuna sababu ya kungoja, zilizobaki zivute.

Madoa meupe wengine watakuambia ni “ua” la ukomavu. Karibu kila mara ni koga. Ikiwa juu ya jani tu, ifute kwa kitambaa kikavu, tenga biri hiyo, shusha unyevu. Ikiwa ya kijani au ya buluu, au imeingia kwenye ncha iliyo wazi, tupa.

Hatua ya 6: Siku ya kuivuta

Biri iliyotoka kwenye nyuzi 18 ikikutana na hewa ya Lamu inatoka jasho kama chupa ya soda. Ihamishie kwenye mkebe mdogo ukiwa bado mbele ya friji, ufunge, ungoje saa tatu.

Kisha ikaushe kidogo. Watu wa baridi huiacha mezani usiku mmoja; hapa ukiiacha mezani inaongeza maji. Tia kwenye mkebe vijiko viwili vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, ndani ya kitambaa, pamoja na kipimaunyevu, saa 36 hadi 48, mpaka isome kati ya 58 na 60. Kata kichwa na uwashe mara unapoitoa. Biri iliyokaa wazi barazani kwa saa mbili usiku wa Masika usiiwashe. Irudishe kwenye mkebe wa silika hadi kesho kutwa.