Jinsi ya kulinganisha Andes na jangwa la Atacama ukiwa hapahapa Moshi

Mdogo wangu alikuja na zoezi la jografia, linganisha milima ya Andes na jangwa la Atacama, akachora jedwali lake, huku urefu huku ukame, kamaliza. Jamani msianze hivyo. Hivi vitu viwili vimeshikana, mlima unachangia kulinyima jangwa mvua, kwa hiyo anza na upepo.

Chukua kwanza mlima unaoujua. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unaupanda Kilimanjaro upande wa kusini, hewa ikipanda inapoa, mvua inamwagika, ndo maana Machame na Marangu migomba imeshonana lakini ukizunguka Rongai kule kaskazini pakavu, na ukishuka mpaka Amboseli ni vumbi.

Sasa hamia Amerika ya Kusini. Andes ni safu ya kama kilomita 7,000, kilele chake Aconcagua mita 6,961. Kule unyevu unatokea mashariki, upande wa Amazon, unaishia hukohuko, na Atacama iliyoko kaskazini mwa Chile, magharibi ya milima, inabakiziwa hewa iliyokwisha kamuliwa. Ila usiishie hapo! Upande wa bahari kuna mkondo baridi wa Humboldt, unapoza hewa ya chini, na hewa baridi ni nzito haipandi, isipopanda hakuna wingu la mvua, unabaki ukungu tu ambao wenyeji wanauita camanchaca, kuna sehemu watu wanautegea nyavu wapate maji. Arica pale pwani wastani wa mvua haufiki hata milimita 1 kwa mwaka.

Ukishaelewa sababu ndo uweke tarakimu kwenye jedwali. Na usiandike jangwa maana yake joto, San Pedro de Atacama iko kama mita 2,400 juu, usiku baridi kweli.

Mfano ninaoupenda mimi ni mlima Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, mita 6,739, umeupita Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, kwa mbali, lakini Kibo karibu kabisa na ikweta bado ina barafu na Llullaillaco haina barafu kubwa ya namna hiyo, kwa sababu baridi ipo, theluji ya kutosha ndo haiji.

Mwisho chora: kushoto Pasifiki na mkondo baridi, halafu ukungu, jangwa, Andes, kulia Amazon, mishale ya upepo wenye unyevu itoke kulia na iishie mlimani.